Kumwuguza Samaki kwa Maji

Tangu mwezi wa Machi mwaka huu watu wengi wameniuliza ni dawa gani tuliyompa yule samaki wa maabara hata akapona. Wengine hudhani ya kuwa Mwalimu aliagiza dawa kutoka Lusaka. Wadogo zetu wa darasa la kwanza husema tulimshona kwa uzi. Hatukumshona, wala hatukumpa dawa yo yote ya dukani. Tulimwuguza kwa maji. Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba nieleze jinsi ilivyokuwa, nami naandika kwa furaha, maana katika kazi ile nilijifunza mambo ambayo nilipoyasoma kitabuni hayakunikaa kichwani.

Kwa wasomaji wasiotufahamu, Nchelenge ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, kwa mto uitwao Luvua, yakaenda hata Mto Kongo na mwisho Bahari ya Atlantiki. Watu wa huku husema Kibemba, lakini Kiswahili nacho chavuka ziwa kila siku pamoja na wavuvi na wachuuzi. Nyumbani kwetu mama hutusemesha Kibemba, na baba, aliyezaliwa upande wa Kilwa ya Kongo, hutukemea kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo nilivyokipata.

Hapa kwetu samaki ndiye shamba. Kila mwaka serikali ya Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Ifikapo tarehe 1 Machi pwani yote ya Nchelenge na Kashikishi huamka kabla ya jogoo, mitumbwi ikasukumwa majini, na bei ya samaki ikaanza kushuka.

Katika juma hilo la kwanza la uvuvi nilikwenda pwani siku ya Jumamosi kumsaidia mjomba wangu kutoa samaki katika nyavu. Mmoja wao alikuwa mdogo, urefu wake kama sentimeta 17, wa aina tunayoiita pale. (Jina hilo ni la Kibemba, si "pale" pa Kiswahili! Ni jamaa ya perege na ngege wa maziwa mengine.) Uzi wa wavu ulikuwa umemkata nyuma ya kifuniko cha matamvua, magamba ya ubavu wa kushoto yamebanduka, na pezi la mgongoni limepasuka. Lakini alikuwa hai, akipiga mkia ndani ya ndoo.

Mjomba akamtazama, akasema, "Mpwa wangu, huyu hatoshi kitoweo cha mtoto. Mchukue shuleni kwenu, mkamsome."

Nikajaza ndoo maji ya ziwa, nikaifunika kwa kitambaa, nikaenda naye polepole kwa baiskeli.

Katika maabara yetu kuna tangi la kioo lenye mchanga wa ziwani, majani ya majini na samaki wadogo wanne, nao wote wametoka ziwa hili hili. Mwalimu wetu wa sayansi alipomwona mgeni wetu hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Maji ya tangi yakoje leo?" Kisha akatuita wanafunzi sita, akatueleza jambo ambalo ndilo msingi wa habari yangu yote.

Alisema ya kuwa ngozi ya samaki ni nguo yake na tena ni ukuta wake. Juu ya magamba upo ute, nao huzuia vijidudu visiingie. Zaidi ya hayo, damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, na kwa sababu hiyo maji hutaka kuingia mwilini mwake saa zote, na chumvi hutaka kutoka. Samaki mzima huyashinda hayo kwa figo zake na matamvua yake. Samaki aliyechunika ni kama nyumba iliyobomoka ukuta wakati wa masika: maji yanaingia, chumvi inatoka, na vijidudu navyo vinaona mlango wazi. Hutumia nguvu zake zote kupigana na maji, na za kufunga kidonda hazibaki. "Basi," akasema, "kazi yenu ni kumpunguzia vita. Kidonda atakifunga mwenyewe."

Kwanza tuliwahamisha wale wadogo wanne katika karai kubwa, ili mgonjwa awe peke yake. Kisha tukapima tangi. Urefu wake ni sentimeta 90, upana 40, na kimo cha maji sentimeta 40. Zidisha, utapata lita 144. Hesabu hii ilitufaa kila siku, kwa kuwa asiyejua kiasi cha maji yake hawezi kujua atie nini wala atoe nini.

Sasa nieleze habari za adui asiyeonekana. Samaki hutoa uchafu wake kwa haja, na tena kwa pumzi: matamvua yake hutoa amonia ndani ya maji. Chakula kilichobaki na jani lililooza hutoa amonia pia. Sumu hii haina rangi. Maji yaweza kumetameta kama kioo na huku samaki anaungua matamvua. Ziwani hutawanyika katika maji mengi, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda.

Rehema yake ni kwamba katika mchanga na juu ya mawe hukaa bakteria wanaoila amonia. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru upesi, na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao huongezeka polepole. Tangi jipya kabisa huhitaji juma nne hata sita kabla halijaweza kujisafisha, na ndiyo sababu samaki wengi hufa katika matangi mapya yanayopendeza macho. Letu lilikuwa la siku nyingi, na mchanga wake ulikuwa umejaa wafanyakazi hao wadogo. Mwalimu alitukataza kabisa kuuosha kwa maji ya bomba.

Jambo hili lilianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili katika chombo cha maji pamoja na mmea wa majini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani yalipoanza kuoza na maji kuharibika. Akatia konokono, wakala majani yale mabovu, maji yakatulia. Miaka mitatu baadaye, yaani 1853, nyumba ya kwanza ya kuonyesha samaki kwa watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Nilipenda sana habari ya konokono wale, kwa kuwa sisi tunao wengi mno pwani yetu na hakuna anayewashukuru.

Siku tatu za kwanza samaki alikaa pembeni, tumbo karibu na mchanga, mapezi yamebanwa mwilini. Hakula. Siku ya nne tulipima maji kwa matone ya kupimia: maji yakibaki ya manjano hakuna amonia, yakigeuka kijani ipo. Yaligeuka kijani. Kadi ya rangi ilionyesha nusu ya miligramu kwa lita. Sababu yake ilikuwa wazi. Mgeni wetu alikuwa mkubwa kuliko wale wadogo wanne wakiwekwa pamoja, na bakteria wa mchangani walizoea kazi ya wadogo tu.

Hapo ndipo kazi ya ndoo ilipoanza. Kila siku tulitoa theluthi moja ya maji, lita 48, ndizo ndoo nne za lita 12, tukayanyonya kwa mpira kutoka chini penye takataka, na kurudisha maji mapya. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini tusiyatoe yote mara moja tukamaliza. Mwalimu akamjibu kwamba samaki mgonjwa akibadilishiwa maji yote hupata mshtuko, kwani joto na chumvi hugeuka ghafula. Lakini akatuonyesha pia upande wa pili wa hesabu: ukitoa theluthi moja ya maji umetoa theluthi moja tu ya sumu, na theluthi mbili zimebaki, na samaki anaendelea kutoa nyingine. Kwa hiyo kazi ya leo haitoshi kwa kesho. Tulibadilisha maji siku tisa mfululizo.

Maji yenyewe yalikuwa na matata yake. Maji ya bomba hutiwa klorini, na ni vema, maana pwani zetu hizi kipindupindu si mgeni. Lakini klorini ile ile inayotuokoa sisi huchoma matamvua ya samaki. Tuliyaweka maji katika pipa lisilofunikwa mahali penye hewa, tukiyakoroga mara kwa mara, hata siku ya pili, ndipo tukayatumia. Na kabla ya kuyamimina tulitia kipimajoto katika pipa na katika tangi, tukangoja mpaka yalingane.

Kisha chumvi. Tulitia chumvi ya jikoni gramu 2 kwa kila lita, jumla gramu 288, si kwa mara moja bali kwa siku mbili, ikiwa imeyeyushwa kwanza katika jagi. Chumvi hiyo hupunguza tofauti iliyopo kati ya damu ya samaki na maji, naye hupumzika kidogo katika vita ile niliyoitaja. Kila tulipotoa lita 48 tulirudisha gramu 96, si zaidi, kwa sababu maji yakipungua kwa kukauka chumvi haiendi nayo, hubaki tangini. Nilipokuwa darasa la kwanza nilichukia sana hesabu za mafungu. Sasa naona ya kuwa uhai wa kiumbe waweza kutegemea fungu moja.

Usiku wa siku ya saba umeme ulikatika saa tatu, na pampu ndogo ya hewa ikanyamaza. Watu wengi hawajui kwamba maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Pwani ya bahari, maji yenye joto la nyuzi 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yenye nyuzi 30 kama 7 na nusu. Ziwa Mweru liko zaidi ya meta 900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, basi hata hicho kiasi hatukipati. Tena mimea, ambayo mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta kama sisi.

Mlezi wa bweni alitupa ruhusa. Tulikwenda wawili wawili kwa zamu na taa ya mkononi. Tulichota maji ya tangi kwa jagi, tukaliinua kama nusu meta, tukayaacha yaanguke taratibu juu ya bakuli lililoelea, ili yavunje uso wa maji na kuchukua hewa pasipo kumtikisa mgonjwa. Jagi hamsini, kisha kupumzika, kisha hamsini tena. Samaki alikuwa amepanda juu, kinywa chake chafungua na kufunga usoni mwa maji. Saa nane ya usiku mwenzangu alisema, "Kaka, ng'ambo kule mtu mmoja anavua mia moja usiku huu, na sisi tunamfia mmoja." Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu ya kuwa wale mia moja hawakukabidhiwa kwetu. Umeme ulirudi saa kumi, naye samaki akashuka tena chini kwenye mchanga wake.

Siku iliyofuata kidonda kilikuwa kimeota kitu cheupe kama pamba. Hii ni aina ya ukungu wa majini unaoshika nyama iliyokufa. Tuliogopa. Mmoja wetu akaleta vidonge vya rangi mbili, vile vinavyouzwa sokoni kwa kila ugonjwa, akataka tuvivunje ndani ya tangi. Mwalimu alivitia mfukoni mwake, akasema mambo mawili. Kwanza, vidonge hivyo huua bakteria, na ukungu huu si bakteria, kwa hiyo haviuwezi. Pili, vingeweza kuwaua wale bakteria wa mchangani wanaokula amonia, na kesho yake tungekuwa na sumu juu ya ugonjwa. "Endeleeni na ndoo," akasema. Kusikia hivyo kulituchosha, kwa maana mtu akiona kidonda hutaka kufanya kitu kikubwa, wala ndoo si kitu kikubwa.

Tuliendelea. Siku ya kumi na moja ile pamba ilikuwa nyembamba. Siku ya kumi na tatu haikuwapo, na chini yake palikuwa na ngozi mpya, ya kijivu, laini. Siku hiyo hiyo samaki alifungua mapezi yake yote, akaja mbele ya kioo, akala punje nne za chakula. Tulimpa nne tu, tukatoa zilizobaki baada ya dakika tano. Matone ya kupimia yalibaki ya manjano. Bakteria walikuwa wameongezeka kumfikia mgeni wao. Tangu hapo tulibadilisha maji mara mbili kwa juma bila kurudisha chumvi, hata ikaisha yenyewe kidogo kidogo. Katika juma la tano pezi la mgongo lilikuwa limefunga mpasuko wake, na magamba madogo yameanza kupanga safu ubavuni. Kovu linaonekana mpaka leo kwa yule aliyechora picha yake katika daftari la maabara.

Ikaja shauri ya kumpeleka wapi. Mjomba alipokuja siku ya wazazi alimtazama kwa muda mrefu, akacheka, akasema, "Sasa amenona. Leteni sufuria." Wengine walitaka abaki, wengine arudi ziwani. Mwalimu alituonya kwamba si kila samaki wa tangi hufaa kurudishwa. Mwaka 2007 ugonjwa wa vidonda wa samaki ulithibitishwa katika mito ya Chobe na Zambezi, mara ya kwanza katika Afrika, nao huletwa na kiumbe mfano wa ukungu kinachoingia penye ngozi iliyojeruhiwa. Samaki aliyechanganyika na wageni wa mbali aweza kuuchukua ugonjwa kama huo mpaka maji mapya. Lakini wetu alikuwa wa ziwa hili, alikaa peke yake, mchanga na majani vya ziwa hili, na kidonda kimefunga. Tulimchunguza juma mbili zaidi. Kisha tukamwachia penye matete, alfajiri, kabla nyavu hazijafika.

Sasa baadhi yenu mtauliza, faida yake nini, samaki mmoja? Nimelifikiri neno hilo tangu usiku ule wa jagi. Wazee wa Luapula husimulia habari za mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kwenda kutaga mayai. Katika miaka ya 1940 watu walimvua kwa wingi katika safari yake hiyo, na makundi yale yakapotea. Mimi sijawahi kuyaona. Hao hawakupotea kwa amonia, bali kwa nyavu, na ndoo zetu nne zisingewafaa kitu. Lakini kumwuguza mmoja kumenifundisha jinsi uhai wa samaki ulivyo kazi ndefu, na jinsi ulivyo rahisi kukatika. Tangu hapo kila nipitapo pwani naona mambo niliyokuwa siyaoni. Matete na mafunjo ya mlango wa Luapula hufanya kwa ziwa ile kazi ambayo mchanga ulifanya kwa tangi letu: hushika uchafu, hulisha bakteria, huficha watoto wa samaki. Anayeyachoma moto kusafisha njia ya mtumbwi ni kama mtu anayeosha mchanga wetu kwa klorini. Na takataka za pwani tunazozitupa ghubani haziondoki upesi, kwa sababu hakuna wa kutoa theluthi yake kila jioni.

Mimi na wenzangu tunamaliza shule mwisho wa mwaka huu, na tangi linabaki na wadogo zetu. Wale samaki wanne wamerudi ndani, na konokono sita. Yafaa mjue haya: pimeni maji kabla ya kumlaumu samaki; msilishe zaidi ya kile kinacholiwa kwa dakika tano; msioshe mchanga; na umeme ukikatika msingoje mpaka samaki waanze kupumulia juu. Daftari la vipimo limo katika kabati la pili, na siku zote za yule mgonjwa zimeandikwa humo. Ndoo nne ziko nyuma ya mlango wa maabara. Maji ya Jumamosi hutiwa katika pipa siku ya Alhamisi jioni, hata ikiwa Ijumaa kuna mtihani.